Paa la Zamani Huenda Jikoni

Baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka, na fundi wa kuezeka akishazeeka huwa na ugomvi na kila paa analopita chini yake. Tukitoka kanisani Jumapili alisimama katikati ya njia kunionyesha nyumba za watu: hapa misumari imepigwa bondeni badala ya mgongoni, pale kofia ya kilele cha paa imekatwa fupi, mvua ya kwanza tu wataamka na ndoo. Aliyasema kwa sauti, kusudi wenye nyumba wasikie. Kwa hiyo paa lake mwenyewe lilipoanza kuvuja, hakuna aliyethubutu kulitaja. Tuliweka sufuria pembeni mwa sebule na wageni wakaizunguka bila kuuliza.

Lilikuwa paa la mabati ya saruji, yale mazito ya kijivu ambayo siku hizi tunaambiwa yana asibesto. Baba alitoka Bukoba kwa meli akiwa kijana, akafika Mwanza hana mtu, akachukuliwa na mkandarasi aliyekuwa akiezeka maghala ya pamba huko Usukumani. Kazi yake ilikuwa kukata. Kutwa nzima, juani, msumeno wa mkono, bati limelazwa juu ya mbao. Ghala moja lilipobakiza mabati, tajiri wake alimruhusu ayachukue, akayaleta Nyakato, hapohapo Mwanza, akaezekea nyumba tuliyozaliwa. Alijivunia paa lile kuliko alivyojivunia sisi, na sisemi kwa wivu. Jua la Mwanza likiwaka, ndani kwetu palikuwa na ubaridi. Mvua ikipiga, majirani wenye mabati ya kawaida walipigiana kelele mezani, na sisi tulisali rozari tukasikilizana.

Jioni aliporudi kazini alikuwa mweupe kichwa hadi miguu, kama mtu wa mashine ya kusaga. Tulimkimbilia, tukamrukia, nasi tukawa weupe. Mama alimvulia ovaroli nyuma ya nyumba. Aliishika mabegani kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, akafumba macho, akaikung'uta kwa nguvu mpaka vumbi lote likatoka, ndipo akailoweka. Mlio ule wa nguo nzito ikipiga hewa ndio uliotuambia kwamba baba amefika na chakula kiko karibu. Mpaka leo nikisikia mtu anakung'uta shuka nje, njaa hunishika.

Mama alikufa kwa kifua. Hivyo ndivyo tulivyosema, kifua, kana kwamba watu wengine hawana. Alipewa dawa za TB ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu, kisha tukaambiwa ni pumu, kisha nimonia, kisha padre akaja na mafuta matakatifu. Ndugu wa Bukoba walitaka arudishwe nyumbani akazikwe migombani, lakini baba alikataa. Alimzika Misungwi, kwenye shamba alilolinunua enzi za maghala, akasema naye atalala hapohapo. Shangazi yangu, dada yake baba aliyeachika zamani, ndiye anayekaa shambani pale na kulitunza kaburi.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, idara ya ubora. Nazungumzia hili kwa sababu ndilo lililonifanya niwe msumbufu. Nimetumia maisha yangu nikipima ubaridi wa samaki, nikiuliza barafu imetoka wapi, kisu kimeoshwa na nani, maji machafu yanakwenda wapi. Wakaguzi wakija, nawajibu. Wakiondoka, nawauliza wenzangu yaleyale. Najua cheti kinaweza kuwa pambo la ukutani. Najua pia samaki asiye na cheti harudi ziwani, mtu humla.

Basi tulipokubaliana mimi na mdogo wangu, mwenye duka la vifaa vya simu Kisesa, kwamba paa la mzee libadilishwe, nilisema mkandarasi nitamtafuta mimi. Mdogo wangu alicheka.

"Dada, we umezoea samaki wa Wazungu. Hii ni nyumba ya mzee. Tafuta fundi, aje na nyundo."

Ofisi ya kwanza niliyoingia ilikuwa na cheti cha ubora kwenye fremu ya dhahabu, kikubwa kuliko picha ya Rais iliyokuwa pembeni yake. Nilikisogelea nikakisoma. Kilikuwa cha kiwanda kilichotengeneza mabati wanayouza, wala jina lao wao waezekaji halikuwamo. Nilipomwambia kijana wa mapokezi kwamba hiyo ni sawa na kuomba kazi ya udereva kwa leseni ya aliyekuuzia gari, aliniambia mimi ndiye mteja wa kwanza kukisoma. Nikaondoka.

Wa pili alikuwa mwanamke, wa umri wangu au pungufu kidogo, mwenye kampuni yake ndogo na sauti ya chini. Alikuwa na vyeti viwili, cha ubora na cha mazingira. Nilimuuliza ni kwa kazi ipi, akanionyesha mahali palipoandikwa kuezua na kuezeka. Nilimuuliza lini alikaguliwa mara ya mwisho na walimkuta na kosa gani. Hilo swali huwakunja watu uso. Yeye alinieleza kosa lake, na alivyolirekebisha, kisha akaniuliza paa la sasa ni la nini.

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Alikuja Nyakato, akampa mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alipanda ngazi akatazama kwa muda mrefu bila kuligusa bati hata kwa kidole. Alipoteremka, baba alikuwa amejiandaa kumpima kwa maswali ya misumari na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, lakini mwanamke yule hakumpa nafasi.

"Mzee, haya ya zamani yatakwenda wapi?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua huzama wapi. "Yatakwenda jikoni."

Hapa lazima nieleze, maana hiyo ndiyo sheria yetu na sijawahi kuiona imeandikwa. Paa la zamani halitupwi. Paa la nyumba kubwa huenda jikoni, la jikoni huenda kwenye banda la mbuzi, la banda huenda chooni, na likishatoboka kabisa huwekewa mawe likazuia udongo. Mtu akibadilisha paa, ndugu hujua siku hiyohiyo. Kutowagawia ni kuwaambia umekwisha kuwa tajiri na huwahitaji. Kwetu sisi Wahaya bati lina heshima yake, hata senene, wale panzi wa kuliwa, tunawanasa kwa mabati. Kabla mkandarasi hajapanda ngazi, baba alikuwa ameshagawa: nusu kwa shangazi Misungwi ajengewe jiko, mengine kwa jirani wa kuku, mengine kwa mama mmoja wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, anayeanika dagaa.

Mkandarasi alieleza polepole. Bati hilo halivunjwi wala kupigwa nyundo. Linalowanishwa kwa maji ili vumbi lisipae, linafunguliwa taratibu, linafungwa kwenye nailoni nzito, linapelekwa kwenye eneo lililoruhusiwa na kuzikwa. Wafanyakazi wake watavaa mavazi maalumu. Hakuna atakayebaki na kipande, hata cha kuzibia panya.

"Kwa hiyo," baba alisema, "nakulipa, halafu unaondoka na paa langu."

"Ndiyo, mzee."

"Siku hizi mwizi anakuja na cheti."

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkandarasi hakucheka, wala hakukasirika. Alisema tu kwamba vumbi la bati hilo likiingia kwenye mapafu halitoki, hukaa miaka na miaka mpaka mtu anasahau alilivuta wapi.

Jioni ile nilibishana na mdogo wangu kwa sauti ambayo baba aliisikia, na nilitaka aisikie. Nilimwambia cheti hakisemi kwamba mtu huyu hakosei. Kinasema akikosea, yuko wa kuulizwa, na alikwisha kukubali kuulizwa kabla hajakosea. Cha ubora kinaangalia kinachopanda juu ya nyumba. Cha mazingira kinauliza kilichoteremshwa kimekwenda kwa nani. Mafundi wote wa Mwanza wanaweza kunipandishia bati likakaa sawa, nilimwambia, mimi namtafuta wa kulijibia lile la chini.

"Na shangazi utamwambia nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Nitamnunulia mapya."

"Hatataka mapya. Anataka ya kaka yake."

Hilo lilikuwa kweli. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anakohoa kile kikohozi chake kikavu tulichokizoea, akanyamaza. Tukauchukua ukimya wake kuwa ni kukubali, na mkataba tukautia sahihi.

Siku ya kazi ilianza vizuri. Wafanyakazi walivaa mavazi meupe ya mwili mzima na barakoa zenye vichujio, wakazungushia utepe uwanja wetu, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kama kuna maiti ya ugonjwa wa kuambukiza ndani. Tulikuwa tumepanga baba ashinde Kisesa, lakini alikataa kupanda gari. Alihamishia kiti nje ya utepe, chini ya mpapai, akakaa anawahukumu. Walipomwagia bati maji alicheka. Walipolishusha kwa kamba kama wanamshusha mgonjwa, alisema kwa nguvu kwamba yeye alikuwa anashuka na mawili kichwani.

Saa sita upande mmoja wa nyumba ulikuwa wazi, kenchi zinaonekana, na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa. Ndipo kirikuu ya kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, ikaingia na kusimama mbele ya utepe. Nyuma yake, juu ya gunia la viazi alivyotuletea, alikuwa amekaa shangazi yangu. Baba ndiye aliyempigia simu.

Shangazi alishuka, akasalimia, akapokea shikamoo za vijana wote waliovaa meupe, kisha akaonyesha rundo lililofungwa nailoni.

"Yangu ni yapi?"

Mkandarasi alikuja mwenyewe kumweleza. Alimwita mama kwa heshima, akamshika mkono, akamsogeza mbali na rundo. Alisema alichokwisha kutuambia sisi, na shangazi alipotikisa kichwa kwamba yeye si fundi, yeye anataka kupikia tu chini yake, mkandarasi aliongeza jambo ambalo hakuwa amelisema siku ya kwanza. Alilisema kwa nia njema kabisa, namna unavyomtafutia mtu mfano wa karibu naye.

"Si mafundi tu, mama. Hata wake zao wameugua. Wale waliokuwa wanakung'uta nguo za kazi."

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka hapo na ndoo ya maji ya kunawa. Niliona nyuma ya nyumba yetu, niliona uso wa mama umegeuzwa pembeni na macho yamefumbwa. Sikuweza hata kuiweka ndoo chini. Na baba, ambaye kwa kawaida hasikii mpaka umwite tena, alikuwa amesimama.

"Umesema nini?"

Mkandarasi, ambaye hakujua lolote kuhusu mama yangu, akarudia kwa heshima.

"Shukeni," baba aliwaambia waliokuwa juu. "Shukeni kwenye nyumba yangu. Wote."

Nilimwendea. Nilisema, "Tata," maana kwetu Kihaya baba ni tata na nikimwita hivyo hujua sina mchezo, "Tata, msikilize. Mama—"

"Mama yako usimtaje kwenye habari za mabati!"

Hajawahi kunipigia kelele namna ile, hata utotoni. Alikohoa mpaka akashikilia mpapai. Mdogo wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemletea kikohozi, na shangazi akaanza kuchana nailoni kwa kisu cha viazi.

Mkandarasi alinivuta kando. Wingu lilikuwa limekaribia na alikuwa na haraka ya kufunika upande uliokuwa wazi kwa turubai lake. "Dada," aliniambia, "nikimaliza kazi hii huku wanayachukua, vyeti vyangu ni karatasi za kufungia maandazi. Siwezi." Alifunika nyumba ya watu waliomfukuza, akaliacha turubai, akaacha na boksi la barakoa juu ya ngazi, akaondoka. Nilimchukia kwa kuondoka kwake. Nilimheshimu pia, na kati ya mambo hayo mawili sikujua lipi lilikuwa linanitoa machozi.

Mdogo wangu alileta fundi wake na nyundo yake, kama alivyotaka tangu mwanzo. Yaliyobaki yalitupwa kutoka juu. Yaliyofika chini mazima yalipakiwa, yaliyovunjika yakapondwapondwa na kumwagwa kwenye njia ya mtaa palipokuwa na tope, na majirani wakatushukuru kwa moyo wetu. Mvua ilipokuja ilishusha maji ya kijivu kwenye mtaro, na mtaro wetu unakwenda mtoni, na mto unakwenda ziwani. Kesho yake nilivaa koti langu jeupe nikaenda kazini kupima samaki.

Paa jipya lilikuwa la buluu. Baba alilitazama mara moja, akasema kofia imekatwa fupi, hakulitazama tena.

Miezi iliyofuata alipungua. Kwanza aliacha kwenda kanisani kwa miguu, kisha akaacha kubishana, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilimpeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye Kiswahili cha Pwani, aliitundika picha ya kifua kwenye mwanga, akakaa, akauliza, "Mzee wangu, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Baba alikaa wima. "Kuezeka." Akayataja maghala yake moja baada ya jingine, Magu, Kwimba, Sengerema, Misungwi, akieleza lipi lilikuwa refu na lipi lilikuwa na upepo. Pumzi ilimkatikia njiani, akapumzika, akaendelea. Daktari alimwacha amalize yote.

"Na nguo zako za kazi, nani alikuwa akizifua?"

Baba alitazama mikono yake.

Nje, kwenye benchi la kusubiri dawa, alinigusa goti. Alizungumza akitazama mbele, kwenye foleni ya watu.

"Mama yako alikuwa ananiambia nizikung'utie hukohuko kazini. Vumbi linamwasha. Nikamwambia kama hiyo nayo ni kazi yangu, yake ni ipi?"

Niliikunja karatasi ya dawa mara mbili.

"Yule mkandarasi aliposema, nilijua palepale. Ndiyo maana nikamfukuza."

Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe pale kwenye benchi. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, maana aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee anayehesabu pumzi, na aliyekung'uta zile nguo alikuwa kaburini, na wote wawili hawakuwa wameambiwa na yeyote. Wale wenye maghala hawakuwa na cheti. Hakuna aliyekuja kuwauliza vumbi la msumeno linaingia kwa nani. Nilimshika mkono kwa sababu ulikuwa karibu.

"Nipeleke Misungwi," alisema. "Nikayadai."

Hili nalo lazima nilieleze. Kugawa ni heshima, na kudai ulichogawa ni aibu ambayo mtu wa umri wake angeweza kufa asiifanye. Alivaa koti lake la suti.

Jiko la shangazi lilikuwa limekamilika na lilikuwa zuri, kuta za tofali mbichi, paa la baba juu yake limeanza kushika masizi. Bati moja lilikuwa refu mno juu ya mlango, wakalikata kwa msumeno, na unga wake bado ulikuwa chini pembeni ya ukuta, mweupe, kuku wanaoga ndani yake. Shangazi alitupokea kwa vigelegele. Alidhani kaka yake amekuja kulitazama jiko.

Baba alimwambia. Alisema kwa vipande, kila neno na pumzi yake. Sikumsaidia kwa sababu aliniomba nisimsaidie.

Uso wa shangazi ulibadilika taratibu. "Kaka, unanivua paa?" Kisha akanigeukia mimi. "Haya ni yako wewe, na elimu yako ya samaki. Umemjaza mgonjwa maneno."

"Si yake," baba alisema. "Ni yangu. Mke wangu..." Pumzi ikaisha. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko akainamisha kichwa, na sentensi ile hakuimalizia siku ile wala siku nyingine. Nikamwambia shangazi mimi mwenyewe, kwamba wifi yake alikufa kwa kukung'uta nguo zile, kwamba kaka yake anakufa, kwamba nitaezeka jiko lake kwa mapya. Alilia. Hakuamini hata neno, lakini alimhurumia kaka yake, akasema mvua zikipita tuje tuyachukue. Nilimpigia mkandarasi simu nikiwa palepale shambani. Hakuuliza kilichotokea. Alisema mvua zikipita atakuja, na kwamba kabla ya hapo mtu yeyote asiyaguse.

Baba hakufika mwisho wa mvua.

Tulimzika Misungwi kando ya mama, kama alivyotaka, na ndugu wa Bukoba walikuja kwa meli na manung'uniko yao. Mafundi walimaliza kulisakafia kaburi saa tisa alasiri huku wingu limeshuka chini kabisa. Saruji mbichi na mvua haviendani, mtoto wa fundi yeyote analijua hilo, na watu wakaanza kuulizana wapi turubai. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, napokea pole. Nilisikia nondo iking'oa misumari nikadhani ni mafundi wanakusanya vyombo vyao. Kisha nikasikia kitu kikivunjika, mlio mkavu, na mlio ule niliufahamu.

Nilinyanyuka nikazunguka nyumba.

Jiko lilikuwa wazi. Wanaume walikuwa wameyapanga mabati ya baba juu ya kaburi, wakivunja lililozidi ili yatoshee, na shangazi alikuwa mbele yao, analia kwa sauti, anawaelekeza. Alikuwa amebeba moja mwenyewe begani kutoka jikoni, mwanamke wa umri wake, akalilaza upande wa kichwa.

"Alilitaka paa lake," alikuwa anawaambia. "Alikuja mwenyewe na ugonjwa wake kulidai, nikamnyima. Haya, kaka. Chukua."

Hakuna aliyekuwa amekosea. Wote walikuwa wanamfanyia baba yangu jambo jema kabisa walilolijua. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, mweupe mikono yote, kamasi na machozi vimechanganyika na vumbi usoni. Wajukuu walikuwa wanaokota vipande vidogo wanavipanga pembeni ya kaburi kama maua.

Shangazi alirudi nyuma kutazama kama limefunikwa vizuri. Aliona khanga yake imechafuka. Akaitoa mabegani, akaishika kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, akafumba macho.

"Usikung'ute!"

Nilipiga kelele mpaka kwaya iliyokuwa ikiimba msibani ikanyamaza. Watu wote waligeuka. Walidhani ni uchungu wa msiba umenipanda kichwani, na wanawake wakanikimbilia, wakanishika mikono, wakaniketisha chini, mmoja akanimwagia maji usoni. Nilisema tena, nikasema tena, nao wakaniambia nilie, nilie tu, baba amepumzika. Nyuma yao nilikuwa naisikia khanga ya shangazi ikipiga hewa.